Corolla Iliyoshika Kona Vizuri Mno

Binti yangu Outi ni dereva wa lori la maziwa. Kila asubuhi hupita mashamba ya tarafa yetu, akivuta maziwa kwa mpira kutoka kwenye matangi ya wakulima hadi kwenye tangi lake. Watu hudhani kazi hiyo ni kushika usukani tu. Lakini maziwa hayatulii. Tangi likiwa nusu, mzigo wote hukimbilia upande mmoja kwenye kona, kisha hurudi kwa kishindo, na dereva asiyelijua hilo huishia mtaroni. Outi hajaishia mtaroni hata siku moja. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Katika nyumba yetu ya Yli-Hukkala mtu huulizwa kwanza ameharibu nini, ndipo aulizwe amefanya nini.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, marehemu mume wangu Oiva. Alirithi pia Corolla ya manjano ya mwaka 1973. Ndani ya Corolla hiyo alipelekwa kanisani kubatizwa, na ndani yake alijifunza kuendesha, juu ya ziwa lililoganda, baba yake akiwa kando amekunja mikono ili asimsaidie. Baadaye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi iliila sakafu yake, na mkaguzi wa magari akasema haitarudi barabarani kamwe. Oiva hakubishana naye. Aliiingiza ghalani, akafunga mlango, akasema, "Imebakiwa na njia moja. Jokkis."

Jokkis ni mbio zetu za magari kwenye mashimo yaliyochimbwa changarawe, ambazo hata mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuingia. Zina sheria moja inayozilinda. Bei ya kila gari ni moja, nayo ni ndogo. Mbio zikiisha, mshindani yeyote anaweza kuandika jina lake kwenye karatasi na kulidai gari la mwenzake kwa bei hiyo. Mwenye gari hawezi kukataa. Akikataa, ananyang'anywa leseni ya mbio. Kwa hiyo mwenye fedha hapati faida ya fedha zake: ukificha dhahabu chini ya gari lako, mwenzako ataondoka na dhahabu hiyo.

Oiva alifariki mwezi wa pili, koleo la theluji likiwa mkononi, kabla hajagusa hata nati moja ya Corolla. Theluji ilipoyeyuka Outi alisema ataiendesha yeye.

Shemeji yangu Ensio, mdogo wake Oiva, alikuja siku hiyo hiyo. Alikaa kwenye kiti cha Oiva bila kuuliza na kujimiminia kahawa.

"Wewe mtoto una kichaa," alisema. "Ukiifunga springi na shokapu nzuri, watakuchukulia. Ziache shokapu zile zile zilizochoka. Izunguke, itikisike, ije ya mwisho, irudi nyumbani. Nani atataka gari linalotetemeka kama mchuzi ulioganda wa nyama ya Krismasi?"

"Basi hilo halitakuwa gari la baba, baba mdogo."

"Litakuwa ghalani kwenu! Si ndilo unalotaka?"

"Nataka likimbie kama alivyotaka yeye, halafu libaki."

"Yote mawili hupati."

"Najua."

Ensio alinitazama, nami nikatazama kikombe changu. Sikupenda hata kidogo. Akilini niliona mlango wa manjano, ambao mume wangu aliusugua kwa nta kila Jumamosi, ukibondwa na mtu wa parokia nyingine kisha ukatupwa jalalani, na watu wakisema hiyo ni Corolla ya Yli-Hukkala. Lakini mimi ndiye niliyemlea Outi akijua kwamba ukiingia mchezoni umezikubali sheria zake zote, na ile inayokuuma ikiwemo.

"Haya," Ensio alisema, maana hakuweza kukaa kando ya gari lililofunguliwa. "Kama ni kushinda, tushinde. Kata springi za mbele, ishuke chini. Weka shokapu ngumu kuliko zote. Na ile fimbo ya stabilaiza ya mbele, weka nene kama mkono wangu, gari lisilale kabisa kwenye kona."

"Kwenye lami ningekusikiliza. Sisi tunakimbia shimoni. Gari gumu litarukaruka kama mbuzi, na gurudumu likiwa hewani halishiki kitu."

"Magari ya mbio hayalali!"

"Acha lilale kidogo. Likilala linaniambia linaelekea wapi. Likikakamaa litaniambia nikiwa nimeshapinduka."

"Hayo ni maneno ya Oiva."

"Ni ya maziwa," Outi alisema, na hapo wote wawili wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Walifanya kazi hiyo jioni zote za majira ya kuchipua. Springi za mbele Outi hakuzikata. Alitafuta za gari la mizigo la jamii hiyo hiyo, ngumu kidogo kuliko za awali. Nyuma alitoa chuma bapa kimoja katika vile vilivyopangwa kuwa springi, ili ekseli ipate kucheza. Bushi zote alibadilisha, kwa sababu, alisema, hakuna maana kununua springi mpya ikiwa mpira ulioishikilia umekuwa uji. Stabilaiza aliiacha ile ile. Kisha zikaja shokapu, na hapo ndipo palipokuwa na uamuzi. Angeweza kuzifungua za zamani na kuzitia mafuta mazito. Zingefaa msimu mmoja, na asingelia sana zikienda na gari. Alichagua za gesi, zile ambazo Oiva alikuwa akizitazama kwenye katalogi tangu Outi akiwa shule ya msingi.

"Na wakiichukua?" nilimuuliza.

"Watachukua gari zuri, mama."

Mbio zilikuwa mwezi wa nane, kwenye shimo la changarawe nyuma ya msitu wa misonobari. Nilivaa kofia yangu ya kanisani na kuketi kwenye kiti cha kukunja, kati ya watu ambao nusu yao niliwafundisha kusoma. Sielewi injini, ila macho ninayo. Magari mengine yalifika kwenye kona ya chini, palipochimbika, yakaanza kudunda, na kila yakidunda yaliteleza nje. Corolla iliinama kidogo begani, kama mtu anayepita mlango mfupi, ikakaa chini, ikaondoka. Mzunguko baada ya mzunguko ilikuwa hivyo hivyo. Katika mbio za mwisho Outi alitoka wa pili.

"Mwalimu!" Veijo jirani yetu alipiga kelele, soseji mdomoni. "Huyo umemzaa au umemfyatua?"

Nilimwambia amalize kutafuna kwanza.

Wakati wa karatasi ulipofika, hakuna mtu wa kijiji chetu aliyeandika. Kwetu watu hawagusi kitu cha nyumba iliyofiwa kabla mwaka haujapita. Lakini karatasi moja iliwekwa, ya mtu wa Kainuu aitwaye Ahti, kijana mrefu mwenye kofia yenye madoa ya mafuta, ambaye hakutujua. Msimamizi wa mbio alilisoma jina la Outi na namba ya gari.

Ahti alikuja akitabasamu. "Nimeliangalia siku nzima. Halirukiruki. Nani kalifunga?"

"Mimi na baba yangu mdogo. Kwa namna ya baba."

"Basi nimsalimie mzee."

"Mzee kazikwa Februari, mpumbavu wewe!" Veijo alifoka. "Hiyo ni Corolla ya marehemu!"

Ahti alivua kofia. Masikio yake yaliwaka. "Sikujua," alisema. "Jamani, sikujua. Naenda kuitoa karatasi yangu. Wataniruhusu."

Kweli wangemruhusu. Msimamizi alikuwa ameshanyoosha mkono kumrudishia ile karatasi. Ensio aliinamisha kichwa kama mtu anayeshukuru mezani. Nami moyoni nilikuwa nimeshaiona Corolla ghalani, mlango umefungwa.

"Usiitoe," Outi alisema.

"Dada, mimi si mwizi wa..."

"Hujaiba. Umeandika kama mtu yeyote anavyoandika. Ukiitoa kwa kunionea huruma, mwakani nikiingia hapa hakuna atakayeshindana nami kwa haki. Wataniachia njia kwenye kona. Watasema, mpisheni, yatima huyo." Alipangusa vumbi kwenye mlango wa manjano kwa kiganja. "Sitaki kupishwa."

"Mwalimu!" Veijo alinigeukia. "Mwambie mtoto wako!"

"Nilishamwambia," nilijibu. "Zamani sana."

Outi alijilaza chini ya gari na kumwita Ahti. Walilala ubavu kwa ubavu kwenye changarawe, miguu tu ikionekana. Nilimsikia akimweleza kila kitu: tundu lipi la kurekebishia shokapu kwenye njia kavu na lipi kwenye tope, bushi ipi italegea kwanza, kwa nini asithubutu kukirudisha kile chuma cha nyuma. Hakumficha hata kimoja. Ensio hakustahimili, alikwenda kusimama kwenye foleni ya kahawa na hakununua kahawa.

Ahti alipomaliza kuifunga Corolla kwenye tela lake, alinipa mkono akiwa bado kichwa wazi. Nilimwambia mlango wa kushoto huoshwa kwa sabuni laini, si ya unga. Alisema atakumbuka.

Tulirudi watatu, tela letu tupu nyuma. Kila lilipopita kwenye shimo la barabara, lilidunda na kugonga hadi mgongoni mwetu. Ensio alisema tela hilo halifai kitu. Outi alipunguza mwendo.

"Tela ni zima, baba mdogo," alisema. "Limezoea mzigo tu."