Siku mbili nilizojiongezea Vung Tau, Espoir akiwa kitandani Guangzhou

Wakuu, heshima kwenu wote.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nautuma kama ulivyo, na sijatia chumvi hata punje. Wale wa kuomba picha, leo hakuna picha.

Ilikuwa mwaka ule wa Olimpiki ya Beijing. Mimi ni mtu wa Makambako, nilikuwa nafuata jeans Guangzhou, kwenye malls za Zhanqian Road.

Polisi walikuwa kila kona. Unatoka na mzigo wako sokoni mtaa wa Guangyuan Xilu, unakutana nao mlangoni: "Huzhao!" Yaani pasipoti. Huna, au visa imekwisha, unaondoka nao.

Chumba nilichangia na Mkongo wa Bukavu, jina lake Espoir. Yeye alikuwa mtu wa mikoba, anaifuata Shiling kwa basi. Mlokole wa kweli, anaombea mpaka chai. Kwao alikuwa na mke na watoto watatu, na visa yake ilikuwa imekufa miezi mitano nyuma.

Sasa tulikuwa na utaratibu wetu. Pasi hai chumbani ilikuwa moja, yangu. Espoir akiumwa, anakwenda hospitali nayo. Wachina wanatufananisha kama sisi tunavyowafananisha wao. Alishang'oa jino kwa jina langu, akarudi anacheka na shavu limevimba.

Nani alisema bila pasi hutibiwi? Mimi. Nilimwambia kabisa, "Ole wako uende na ile ya kwako. Watakupigia polisi ukiwa bado kwenye foleni." Nilisema kama mtu aliyeona kwa macho. Sikuwa nimeona chochote, nilisikia mgahawani kwa jamaa ambaye naye alisikia kwa mwingine.

Visa yangu ikakaribia kuisha. Mwaka huo kuongeza ukiwa ndani ya China ilikuwa ndoto, ikabidi nitoke niombe upya. Nikapanda ndege Jumatatu mpaka Saigon, Vietnam, nikapeleka pasi ubalozi mdogo wa China. Wakaniambia njoo Ijumaa. Mhudumu wa hotelini akanishauri nisikae mjini bure, niende Vung Tau, mji wa ufukweni, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi.

Wakuu, ule mji ni mtamu, sitasema uongo kwa sababu ya yaliyofuata. Bahari iko mbele ya hoteli. Kina mama wanapita na jiko la mkaa wanakuchomea ngisi hapohapo ulipokaa. Familia nzima zinaingia majini na nguo zao. Juu ya kilima kuna sanamu kubwa ya Yesu amenyoosha mikono. Nilipanda ngazi zote zile, nikafika nimeloa jasho, mlinzi akanikatalia kuingia ndani kwa sababu nimevaa kaptula. Nikacheka mwenyewe.

Lakini kilichonishika hasa ni kwamba nilitembea barabarani siku nne bila kuvuka upande wa pili kukwepa mtu. Aliyewahi kuishi Guangzhou mwaka ule atanielewa.

Jumatano Espoir akanipigia. Tumbo. Nikamwambia ni yale mapilipili ya supu, anywe maji ya moto.

Ijumaa nikaenda Saigon nikachukua pasi, visa mpya imo. Tiketi yangu ilikuwa ya Jumamosi. Simu ikaita, Espoir tena.

"Mon frère, hii tumbo ilishuka chini, huku kuume. Siwezi tembea muzuri. Unarudia lini na passeport?"

Nikamwambia Jumatatu, ndege zimejaa.

Ndege hazikuwa zimejaa. Nilikwenda ofisi ya shirika nikasogeza tarehe kwa mkono wangu, nikapanda basi kurudi Vung Tau. Nilitaka siku mbili tu za kupumua.

"Basi miye nitangoja," akasema. "Mungu akulinde mu njia."

Huyo ndiye mgonjwa, na ndiye aliyeniombea mimi.

Jumatatu mchana nikafika chumbani. Alikuwa amelala amejikunja, midomo imepasuka, tumbo gumu kama ubao. Nikambeba mgongoni mpaka kwenye taksi. Njia nzima alikuwa ananiuliza jina langu la kati, asije akakosea pale dirishani.

Tulipofika emergency nikaitoa pasi nikaiweka mezani. Nesi akaisukuma kwangu bila kuifungua. "Bu yong, bu yong." Haina haja. Akataka jina tu. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikajikuta nimetaja jina lake halisi. Akaliandika jinsi alivyolisikia, wakamkimbiza ndani na kitanda.

Polisi hawakuja siku hiyo wala kesho yake.

Kilikuwa kidole tumbo, kilishapasuka. Daktari alieleza mengi, mimi Kichina changu ni cha kuulizia bei. Ila nilielewa "liang tian", siku mbili tulizochelewa, maana aliirudia na kuonyesha vidole. Walimpasua. Alifariki Jumatano.

Mkewe nilimpigia mimi. Akaniuliza, "Hospitali ilisema nini?" Nikamjibu kwamba hospitali zilimkataa kwa sababu ya makaratasi, mpaka nilipofika mimi na pasi yangu. Akanishukuru. Mpaka leo ananishukuru, na watoto wananiita baba mdogo.

Funzo? Usimpe mtu habari ya mgahawani kama vile ni sheria ya nchi, hasa mtu anayekuamini. Na anayekungoja, mwambie ukweli hata kama ukweli wenyewe ni kwamba unataka kuogelea. Angejua ndege zipo, labda angejitafutia njia nyingine. Mimi ndiye niliyemuweka pale kitandani, wakuu. Sina namna nyingine ya kuliweka.

Matusi ruksa, nimeyazoea ya kwangu mwenyewe.

Ila naomba kitu kimoja kwa wazoefu wa Guangzhou wa miaka ile. Kama yupo aliyefukuzwa hospitali yoyote kwa kukosa pasi, hata mmoja tu, aandike hapa chini.

Nimeshauliza watu wengi. Sijampata.