Kicheko cha Mama Mdogo

Kazi yangu ni kutia sauti katika michezo ya kuigiza. Mvua ikinyesha jukwaani, ni mimi. Gari ikipiga honi nje ya nyumba isiyokuwa na nje, ni mimi pia. Watu wakitoka ukumbini wanawasifu waigizaji, nami nakunja nyaya zangu. Silalamiki. Mtu akiisifu mvua yangu, maana yake hakuamini kama inanyesha.

Mwaka huu tulikuwa na mchezo unaotokea uani kwa watu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, nikahitaji sauti ya nazi inayokunwa. Mtandaoni zimejaa, lakini mimi nina kiburi cha kijinga: nazi ya mtandaoni hainiingii. Nikaenda huko huko, mtaa wa Amani, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, nikaweka kinasa sauti karibu na mbuzi yake ya kukunia, akakaa akakuna. Mumewe alikuwa kizingitini anakunywa chai. Akamwambia maneno, mama mdogo akaangua kicheko mpaka kifuu kikamtoka mkononi. Akamwambia mengine, akacheka tena, safari hii kwa kwikwi, huku akimwomba anyamaze. Nazi nikaisahau. Nilipomwomba nikitumie kicheko chake, alisema, "Kichukue, mwanangu. Hakiliwi hicho."

Nyumbani nikakisafisha. Kusafisha, kwa sisi wa kazi hii, ni kuondoa usichokitaka, na mimi sikumtaka baba mdogo. Sauti yake nzito iliingia katikati ya kicheko ikakiharibu. Nikamkata kipande kwa kipande, na penye mapengo nikapachika kunguru na upepo wa uani. Kazi ilitoka safi, nikajipongeza. Kisha, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, nikaifuta ile rekodi ya mwanzo. Ndivyo nifanyavyo siku zote. Nani anaweka maganda?

Haukupita muda presha ikampanda baba mdogo, akapelekwa hospitali, akarudi maiti. Nilibeba jeneza pamoja na wenzangu, na njia nzima nilikuwa nikifikiria kompyuta. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na rekodi nyingine ya sauti yake. Alikuwa mtu wa zamani, ukimpigia simu anasema "naam" na "haya" basi, simu anampa mkewe.

Mama mdogo akaingia eda. Akavaa nguo zake nyeupe, akakaa chumbani, na hata sauti yake akawa anaipunguza wapitapo wanaume nje. Nami nikakitoa kicheko chake ukumbini Mji Mkongwe, mbele ya watu waliokata tiketi. Nilijua ni vibaya. Ningeweza kutafuta mwanamke mwingine acheke, lakini kile kilikuwa kizuri mno, nikajiambia hakuna atakayekijua. Mtu aliyekulia Ng'ambo kujiambia hivyo ni kujidanganya kwa makusudi. Mtaa mzima unakijua kicheko cha kila mtu.

Wifi yake ndiye aliyenipigia simu. "Kaka yangu udongo haujakauka, mkewe anasikika anacheka mjini! Huna haya we mtoto?" Kesho yake mama mdogo mwenyewe akaniita.

Niliingia kichwa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikaanza kuomba radhi, maneno yananikimbia. Akanikatiza.

"Wacha waseme, watachoka. Mimi nnataka jambo jengine. Siku ile ya nazi alikuwepo. Niwekee nimsikie."

Nilitamani anitukane. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kulaaniwa, lakini kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Sikatai, uongo ulinijia haraka: niseme rekodi ipo ukumbini, nitafute mwigizaji mwenye sauti nzito, nimtengeneze. Ningeweza, na ingekaribia kabisa. Nikaona aibu kwa kuliwaza tu.

"Nshamfuta, mama," nikasema. "Nilitaka kicheko chako peke yake."

Akaukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake nyeupe.

"Basi niwekee hicho hicho."

Nikampa simu, akaiweka sikioni. Chumba kilikuwa kidogo, nami nikasikia: nazi inakunwa, kisha yeye anacheka, kisha kunguru. Hakutabasamu. Akanirudishia simu, akaniambia niweke tena, na walipofika kunguru akanishika mkono.

"Hapa ndipo aliponena?"

"Ndipo hapo."

"Siku zote hizi nnajaribu kukumbuka kanambia nini, sipati. Nnakumbuka kucheka tu." Akanitazama, na usoni mwake mkawa na matumaini ambayo siwezi kuyasahau. "Lakini wewe ulimsikiliza. Ulikaa naye, ukimkata. Alikuwa akisemaje?"

Nilikuwa nimemsikiliza mchana kutwa. Nilijua pumzi yake inapoanzia, na neno lake la mwisho linakoma wapi, maana bila ya hivyo huwezi kukata vizuri. Alichokuwa akisema sikukisikiliza.