Zege Sita

Mimi chai sikuisomea. Naanza na hilo ili mnielewe hasira zangu. Nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, nikapangiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye jengo la ghorofa pale Mchafukoge, karibu na Kariakoo kiasi kwamba wapiga debe wa viatu tulikuwa tunawasikia hadi ofisini. Na kazi niliyopewa, mtoto wa watu na hesabu zangu zote kichwani, ilikuwa kuchemsha chai, kukaribisha wageni na kukunja michoro. Ujenzi wenyewe ulikuwa juu, kwenye mbao na nondo. Huko nilipanda kwa kuibia, nikachungulia, nikafukuzwa, nikashuka.

Injinia wa saiti alikuwa mama mfupi, mkali, ambaye ukisikia sauti yake unakaa sawa hata kama hujakosea. Asubuhi ya siku ya kumwaga slabu, sakafu ya zege, ya ghorofa ya tatu nilimwamkia, "Shikamoo, Injinia." Akaitika "Marahaba" bila kuniangalia, halafu akasimama.

"Leo nakutazama," akasema. "Ukienda vizuri, fildi yako iliyobaki unaimalizia juu na mafundi. Ukinivuruga, unaimalizia hapo hapo kwenye birika."

Weee! Mwili wote ulinisisimka. Siku hiyo helmeti sikuivua hata chooni. Nilikuwa nacheka peke yangu, napanga vikombe huku najiona juu kule nimeshika kiuno, nimekunja uso kama wakubwa.

Na kumwaga slabu, jamani, ni sherehe. Pampu inanguruma hapo chini hadi vioo vya duka la jirani vinatetemeka, bomba linatapika zege huko juu, mafundi wenye mabuti wanalivuta kwa reki, wanaimba, wanatukanana kwa upendo. Ila sherehe hiyo ina sharti moja: haisimami hovyo. Zege jipya lazima lilikute la mwanzo bado bichi, vishikane viwe kitu kimoja. Ukichelewa, la mwanzo linaganda, jipya linakuja kulala pembeni yake kama wageni wawili kwenye kitanda kimoja. Hapo umejiwekea udhaifu ndani ya sakafu ambayo watu watatandika vitanda na kulaza watoto. Darasani nilijibu swali hilo mtihanini nikapata alama zangu, nikaendelea na maisha.

Mchana akaja mwenye jengo, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili. Alikuja na mkewe, vijana wake wawili na wakwe zake wawili. Alivunja nazi pale mlangoni, akaliombea jengo kwa dini yake, kisha wote sita wakaingia ofisini kwangu kunywa chai. Nikawa naenda na sinia, narudi na sinia, masikio yangu yako juu.

Ndipo Injinia akachungulia kutoka ngazini, simu moja sikioni, nyingine mkononi, pampu inapiga kelele.

"We mwanafunzi! Agiza zege sita! Upesi!"

Nikajibu "Sawa, Injinia!" kwa furaha yote niliyokuwa nayo.

Sasa hapa lazima nitulie niseme. Bongo hii zege ni zege la kujengea, hakuna asiyejua. Lakini zege ni chipsi mayai pia. Viazi vimekaa ndani ya yai kama kokoto kwenye saruji, na nahisi aliyelipa jina hilo alikuwa fundi mwenye njaa. Mimi nimeshika sinia, mbele yangu wamekaa wageni sita wa heshima, saa ya kula imepita, mkubwa wangu anapiga kelele niagize zege sita. Wewe ungeelewa nini? Zege la kujengea huagizwa kwa mita za ujazo, angesema "mita sita" ningeelewa. Hakusema mita. Zege lilikuwa linaagizwa na yeye mwenyewe siku zote, mimi simu ya kiwandani sijawahi hata kuigusa.

Tena nilijiona mjanja! Nilikuwa nimemsikia mke wa mwenye jengo akikataa keki kwa sababu ina mayai. Nikampigia jamaa wa chipsi wa pale kona.

"Kaka, zege sita. Ila zote usiweke mayai."

Akaguna. "Dada, zege bila mayai ni chipsi kavu."

"Basi lete hizo hizo. Kachumbari nyingi, pilipili pembeni. Ni za wakubwa hizi, usiniangushe!"

Nikakata simu, nikajipongeza. Mwanamke anafikiria mbali!

Baadaye pampu ikaanza kukohoa, zege linaiishia. Injinia akaniita juu. Aliniita juu, mwenyewe, kwa mdomo wake! Ngazi nilizipanda mbilimbili. Nikawakuta mafundi wamesimama na reki zao, wote wanatazama barabarani. Slabu ilikuwa imejaa vizuri upande mmoja, imevuka boriti ya kati, halafu mbele yake nondo tupu.

"Gari liko wapi?" Injinia akauliza.

"Gari gani?"

"La zege! Si nimekwambia uagize?"

Kabla sijafungua mdomo, jamaa wa chipsi akatokeza ngazini, anahema, jasho linamtoka, mfuko mkononi.

"Zege sita za nani hapa? Zote kavu!"

Fundi mkuu, baba mtu mzima mwenye mwili wake, akashika magoti akaanza kucheka, na slabu nzima ikaangua kicheko. Mmoja alikaa kabisa kwenye ndoo. Mwingine anaita, "Mwageni pilipili ikaze!" Mimi nilitamani mbao zinifungukie nidondoke hadi Kariakoo nikauze mitandio. Injinia hakucheka. Alipiga simu kiwandani, akasikiliza, akaishusha taratibu. Magari yameisha, barabara zimefungana, hadi kesho asubuhi.

Birika likanijia machoni. Hapo nilikuwa karibu kulia, sisemi uongo.

Fundi mkuu akajifuta macho, akasema, "Basi lililobaki kwenye bomba tulitandaze, linalopungua tuchanganye kwa koleo hapa hapa. Tujikongoje tufike boriti ile pale, tusimamie juu yake. Boriti ndiyo yenye nguvu." Mafundi wakaitikia. Na kwa macho, nani angebisha? Boriti nene ile, nondo zimejaa.

Injinia akanigeukia. "Mwanafunzi. Tusimame wapi?"

Kicheko kikakatika. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kuliko zile chipsi.

"Sio kwenye boriti," nikasema. "Hapa katikati. Kati ya boriti na boriti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu pale ukingoni mwa boriti ndipo mzigo unapotaka kuikata slabu, chwa, kama kisu kinavyokata mkate. Kinachozuia kukatwa huko ni zege lenyewe, na tukiliungia hapo tunalidhoofisha. Hapa katikati kukatwa hakuna. Hapa slabu inataka kupinda tu, na kupinda kunabebwa na nondo za chini, zinapita kwenye kiungo bila kukatika. Na tusichanganye kwa koleo. Lililobaki linatufikisha hapa. Tusimamishe ubao wima, tuache uso wa zege wa kukwaruza, kesho tuendelee."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Injinia akanitazama mpaka nikaanza kujikagua kama nimevaa vizuri.

"Mimi nimesikia," akasema. "Wao hawajasikia. Waambie."

Nikapiga kelele! Sauti ilitoka nyembamba ya ajabu, nikaikohoa, nikapiga tena. "Ubao hapa! Wima! Bomba lilete huku, hapo mbele acha!" Seremala akatazama kwa Injinia, Injinia akawa anatazama mbali, upande wa Kivukoni, kama hayupo. Seremala akaleta ubao.

Mwenye jengo akapanda na yeye, anahema. "Nini hii? Nani amesimamisha kazi yangu?"

"Niliagiza vibaya," Injinia akamwambia. "Nilitaka mita sita, nikasahau kusema mita. Mahali pa kusimamia amechagua huyu, na amechagua sawa." Kisha akachukua boksi moja kwa jamaa wa chipsi, akala kwa kidole na kijiti, amesimama. Alipofika kwenye kachumbari mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka, jamani! Alicheka hadi machozi, mzee wa Kihindi akacheka bila kujua kinachochekesha, na chipsi zikapita mkono kwa mkono mpaka zikaisha.

Usiku usingizi haukuja vizuri, maana kuhusu birika hakuna aliyeniambia neno. Alfajiri nikapanda juu bila kumwuliza mtu. Ubao ulikuwa umeshang'olewa. Mafundi wawili walisugua uso wa zege la jana kwa brashi ya waya hadi kokoto zikaonekana, nikapapasa kwa mkono, nikasema bado pale pembeni, wakarudia. Tukamwagia maji, tukapaka uji wa saruji. Gari likafika, pampu ikawaka, bomba likaanza kutingishika.

Fundi mkuu akalishika bomba, akatazama ngazini kumsubiri Injinia. Injinia alikuwa chini, tunamwona kabisa, ameegemea gari la zege, anaongea na dereva. Akainua uso akatuona, akaendelea kuongea na dereva.

Fundi mkuu akageuka kwangu.

"Tunasemaje, Injinia?"

Nilitazama nyuma yangu kwanza. Hakukuwa na mtu.

"Mwaga," nikasema.