Chujio la fundi na wifi wa Bi Zuhura

Jamani, leo kipimo changu cha sauti kimeniponza!

Kaja Bi Zuhura dukani kwangu Darajani na amplifaya yake ya harusini, inakwaruza. Kafuatana na mwanamke mwengine, kimya, simjui.

Nikapitisha mlio mmoja safi kwenye amplifaya, nikawasha kipimo.

"Humu ndani ya kipimo mna chujio," nikamweleza. "Linaondoa ule mlio mzuri wote. Kinachobaki ni uchafu tu, na huo ndio nnaoupima."

Bi Zuhura akaangua kicheko. "Mazuri yote halioni, laona uchafu tu? Basi hilo wifi yangu khasa!"

Na mimi na domo langu, nikacheka mpaka machozi.

Yule mwenzake akapitisha kidole mezani kwangu, akakitazama.

"Fundi, vumbi hili hulifuti?"

Hapo sikuhitaji kuambiwa kuwa ndiye wifi.

Nyie mngemjibu nini?