Ukuta Uliokinga Mvua

Saa tatu kasoro dakika tano kila asubuhi, msaidizi wa maabara wa shule hutoka na silinda yake ya kioo, huvuka uwanja mdogo nyuma ya bweni na kuchuchumaa mbele ya kopo la shaba la kupimia mvua, lililofukiwa nusu ardhini. Huchomoa faneli, hutoa chupa, humimina kilichomo kwenye silinda, huiinua hadi usawa wa jicho na kusoma. Kisha huandika. Ikiwa chupa ni kavu huandika sufuri, maana kwake sufuri ni jibu kama majibu mengine. Nafasi tupu kwenye daftari ndiyo uzembe. Ana miaka ishirini na tisa ya kazi hiyo. Alipofiwa na mama yake alisoma kwanza ndipo akaenda stendi, na kwa siku mbili alizokuwa mazikoni mkewe ndiye aliyechuchumaa pale.

Wanafunzi humwita Milimita. Walimu nao humwita hivyo, ila mbele yake huongeza "Mzee". Mkewe naye kalibandika kopo lile jina: mke mwenza.

"Umeshamwamkia mke mwenza wangu?" humwuliza akirudi kunywa chai.

"Nimemwamkia."

"Kakwambiaje leo?"

"Kumi na mbili nukta nne."

"Ona sasa. Yeye kasema neno moja tu, ukaandika. Mimi tangu juzi nakwambia bawaba ya mlango."

Fundi wa idara ya hali ya hewa aliyelifukia kopo hilo alikuwa mtu wa maneno machache, na neno aliloliacha lilikuwa moja: lisihamishwe. Hata hatua moja. Mvua ya mwaka huu hulinganishwa na ya mwaka ule kwa sababu zote zimeangukia mahali pamoja. Ukihama, umeitupa miaka yote ya nyuma. Milimita alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Goli la mpira lilisogezwa kwa ajili ya kopo. Bomba la maji lilizungushwa. Mkuu mmoja wa shule alitaka kujenga choo pale, na msaidizi wake wa maabara, mtu asiyejulikana kwa ubishi, akakaa ofisini kwake saa nzima bila kuinua sauti mpaka choo kikapata kiwanja kingine.

Lakini hakuna aliyemwambia nini cha kufanya iwapo kopo litatulia na vingine vyote vikahama.

Bweni hilo, lililo mashariki ya kopo, lilikuwa la chini, paa lake la mabati halikufika mbali. Miaka tisa iliyopita wanafunzi walizidi vitanda, shule ikaamua kupandisha ghorofa mbili juu yake. Fundi mwashi alikuwa shemeji yake Milimita, mdogo wa mkewe, mtu wa maneno mengi na kazi safi. Ukuta ulipopanda, Milimita aliufurahia. Zamani upepo wa mashariki ulimsumbua, ukipeperusha matone juu ya mdomo wa faneli. Sasa pakatulia kama chumbani. Kwenye safu ya maelezo aliandika kwa mwandiko wake wa kuinamia kulia: "Upepo umepungua, vipimo vitakuwa bora zaidi." Baadaye aliutazama mstari huo mara nyingi.

Mji wenyewe uko mtelemkoni, kama miji mingi iliyoanzia kwenye kivuko cha mto. Waliotangulia walijenga juu kwa sababu walikuwa wameuona mto ukitoka kitandani mwake. Waliofuata walijaza mapengo. Sasa mlima umejaa hadi makaburini, na macho ya watu yametelemka kwenye uwanda wa chini: ardhi nyeusi, laini, iliyolala kama meza. Imelala hivyo kwa sababu mto wenyewe ndio ulioilaza, ukimwaga mashapo yake kila ulipofurika, kwa maelfu ya miaka. Kwa miaka kumi na minne haukufurika. Hiyo inatosha kwa mtoto kuzaliwa, kukua na kuuliza kwa nini pale panalimwa mchicha tu.

Halmashauri ikaandaa mpango: viwanja mia tatu kwenye uwanda, barabara, mitaro na makalavati. Upana wa mitaro ulipigiwa hesabu ya mvua, na mvua ya mji ule ilikuwa na kitabu kimoja tu, daftari la Milimita. Kitabu kilisema kwamba kwa miaka ishirini ya kwanza wastani ulikuwa milimita elfu moja mia moja na arobaini, na kwa miaka tisa ya mwisho mia tisa na tano. Mvua imepungua, mitaro midogo itatosha. Afisa mipango alikuja shuleni mwenyewe kupiga picha za kurasa. Akasema siku ya kupitisha mpango Milimita atapewa cheti mbele ya watu, kwa kutoacha hata siku moja wazi. Shemeji alikuwa tayari ameandikiwa kiwanja huko chini, na matofali yake yalikuwa yanakauka.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mwalimu wa jiografia, dada mgeni aliyehamia mwanzo wa muhula, aliwapa kidato cha sita zoezi. Watege makopo ya aina moja sehemu kumi za shule, mvua ikinyesha wapime. Ikanyesha. Akaja maabara na karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vijana wamepima?"

"Wamepima. Uwanja wa mpira thelathini na moja. Getini thelathini. Wewe una ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Ndiyo maana nimekuja."

Milimita alitabasamu jinsi watu wa zamani wanavyotabasamu kazini. "Makopo ya maziwa hayo, mwalimu. Midomo imepinda. Tena watoto wa siku hizi hawasomi usawa wa jicho, wanasoma usawa wa tumbo."

"Niliwasimamia mimi."

"Basi labda na wewe uliinama vibaya."

Mwalimu alicheka, lakini karatasi aliiacha mezani.

Stoo kulikuwa na kipimamvua cha pili, cha akiba, kilichovikwa gunia tangu siku ya kwanza. Milimita alikipeleka uwanja wa mpira bila kumwambia mtu, akakisimamisha wima kwa timazi. Mvua saba zilifuata. Sita zilikuja na upepo wa mashariki, zikianguka kimshazari, na mara zote sita uwanja ulilipita kopo la bwenini: kwa tano, kwa nane, mara moja kwa kumi na moja. Mvua ya tano haikuwa na upepo. Ilishuka wima kama uzi, na siku hiyo vipimo viwili vilitofautiana kwa nukta mbili tu.

Hiyo ndiyo iliyommaliza. Angeweza kukilaumu kipimo cha pili kwa zile sita. Kwa ile moja hakuwa na wa kumlaumu. Alifungua kitabu cha mwongozo, ukurasa ambao hakuwa ameugusa tangu ujana wake, akakuta kimeandikwa wazi: umbali kutoka kwenye kizuizi usipungue mara mbili ya urefu wake. Akapima kwa futi ya kamba. Bweni lilikuwa na mita kumi na moja kwenda juu. Kopo lilikuwa mita tisa kutoka ukutani.

Nyumbani alisimulia wakati wa chakula cha mchana, kwa mpangilio, namba kwa namba. Shemeji alikuwepo.

"Kwa hiyo kosa ni langu," shemeji akasema. "Nimejenga ukuta mzuri mno, mpaka mvua imeogopa."

"Ukuta hauna kosa. Mimi ndiye niliyekuwa naupita kila asubuhi."

"Shemeji, sikiliza. Mwaka wa ngapi huu mto haujatoka? Wewe nyamaza tu. Chukua cheti chako, tundika sebuleni, dada apate kitu cha kufuta vumbi."

"Mitaro itakuwa midogo."

"Watapanua baadaye."

"Baadaye lini? Ukishalala ndani?"

Shemeji akamgeukia dada yake. "Mwambie mumeo."

Mkewe alikuwa akikusanya sahani. "Nimwambie nini? Miaka yote hii ananiambia mke mwenza wangu hasemi uongo. Leo kamfumania." Akasimama na sahani mkononi. "Watu watasema umekaa miaka tisa unaandika upuuzi. Umejiandaa kwa hilo?"

"Sijajiandaa."

"Haya. Shati la bluu ndilo nitakalolipiga pasi."

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na feni mbili, moja ikizunguka. Cheti kilikuwa mezani, ndani ya fremu. Milimita aliomba kusema kabla hajapewa, akaweka madaftari mawili mbele ya afisa mipango: lile la kila siku na jipya lenye mvua saba.

Afisa alisoma, akasoma tena. "Mzee, unataka kutuambia umetudanganya miaka tisa?"

"Sikudanganya. Nilichokikuta kwenye chupa ndicho nilichoandika. Ila chupa ilikuwa imekingwa, na mimi niliona upepo umetulia nikafurahi. Miaka ishirini ya kwanza itumieni. Hii tisa msichimbie hata mtaro mmoja."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine aliuliza kama shule haina mtu aliyesoma. Mwalimu wa jiografia alisimama akasema yeye amesoma, na hesabu ni ileile. Mabishano yalichukua asubuhi nzima. Mwishowe viwanja vya ukanda wa karibu na mto vikafutwa, mitaro ikarudishwa kwa mhandisi ichorwe upya, na mpango ukaahirishwa hadi masika mawili yapite. Cheti kilibaki mezani. Hakuna aliyekikumbuka, na Milimita hakukiulizia.

Kiwanja cha shemeji kilikuwa ukanda wa mto. Kwa wiki tano hakukanyaga nyumbani kwa dada yake. Wiki ya sita alitokea shuleni asubuhi na mwiko na toroli la zege, akamkuta Milimita uwanja wa mpira akikwaruza ardhi kwa jembe.

"Dada kasema unatengeneza msingi wa kipimo kwa jembe la kulimia. Nimeona aibu ya ukoo. Toka hapo."

Milimita akatoka.

"Umbali gani kutoka kwenye kitu chochote?"

"Mara mbili ya urefu wake, au zaidi."

"Na lile la zamani unaling'oa?"

"Hapana. Vitakaa vyote viwili. Bila lile la zamani sitajua ukuta wako umekula kiasi gani."

"Umekula. Sawa." Shemeji alimwaga zege, akalisawazisha, akaweka timazi mara mbili. "Nikiitwa kuongeza ghorofa ya tatu?"

"Utaniambia kabla hujapanga tofali la kwanza."

"Nitakuandikia barua."

Saa tatu kasoro dakika tano ikafika. Milimita alikwenda kwanza kwenye kopo la nyuma ya bweni, kisha akarudi kwenye kipimamvua cha akiba kilichosubiri kando ya zege bichi. Kwenye daftari alikuwa amechora safu ya pili kwa rula. Usiku haukuwa na mvua. Akaandika sufuri, na pembeni yake sufuri.