Kilima cha Mama Kilima

Mtafiti wa viini vya atomu kazi yake ni kurusha vitu, na analipwa. Hufyatua protoni na nyutroni zilizoshikana kwenye utando wa bati. Kiini kikinyang'anya nyutroni, protoni hutoka mbio kusimulia yaliyomo ndani. Kwa miaka mitatu kapata kilima kimoja kipya kwenye grafu ya protoni hizo, ndicho shahada yake nzima, na kila asubuhi hukipapasa kwenye skrini kama kichanga.

"Mama Kilima," fundi anayemtengenezea utando akamwambia, "mwanao kafanana na kaboni ya uchafu ulioshika kwenye utando."

Akacheka sana, kisha akapima kwa pembe nyingine, maana pembe ikibadilika, kilima cha uchafu huviacha vya bati na kuhama. Chake kikahama. Akakifuta mwenyewe, taratibu.

"Nitengenezee utando mwingine," akasema, "na safari hii unawe mikono."