Tulikuwa bendi isiyoimba pale Chumbageni, mwisho nikabaki napiga na kaseti

Habari za mchana wakuu. Walionizidi umri shikamooni.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi humu watu wanataja bendi za zamani za Tanga. Nimeusoma kurasa zote. Yetu haikutajwa na mtu hata mmoja.

Sikukasirika. Ila nimeona niandike mwenyewe, na nitaandika ilivyokuwa, hata yale yanayonitia aibu.

Kwanza, mimi ni mwanamke. Najua jina ninalotumia humu linawachanganya wengi.

Wazazi wangu walitoka Njombe kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza. Nilizaliwa kambini, na kinanda nilijifunza kanisani kwetu, Walutheri. Baadaye nikapata kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi moja mjini, nikapanga chumba Nguvumali.

Siku moja redio yangu ikafa, nikaipeleka kwa fundi Chumbageni. Anaitwa Sefu. Nilimkuta redio za watu zimefunguliwa mezani, yeye anapiga gita. Ilikuwa tuni ya Wazungu ya zamani, zile instrumental, gita linaongea mwanzo mwisho na hakuna anayeimba.

Nikamwambia, "Hapo katikati unakosea."

Akanitazama. "Kwani unaijua?"

"Naipiga kwa kinanda."

Basi, bendi ikaanzia hapo.

Wengine walikuwa wawili. Hamadi, Mpemba, alikuwa anauza vitambaa sokoni, yeye besi. Na Mhina, Msambaa wa Lushoto, mfanyakazi wa kiwandani, yeye dramu.

Vijana wa leo mnaweza msielewe. Wakati ule bendi nyingi zilikuwa na mwenyewe, shirika au chama, anayenunua vyombo na kulipa mishahara. Sisi hatukuwa na mtu. Vyombo vyetu vilikuwa vya kuungaunga, na spika Sefu alizitengeneza kwa mbao za makasha.

Tulipiga kopi tupu. Rock na pop za zamani, tumezikamata kwa sikio kutoka redioni na kwenye santuri chache alizokuwa nazo Sefu. Kila Jumapili alasiri tulipiga kwenye hoteli moja hapo hapo Chumbageni. Familia zinakuja, watoto wanakunywa soda siku ambayo soda ipo.

Mjini walituita bendi ya mabubu. Na kila Jumapili lazima mtu aulize, "Huyu dada mbona haimbi?" Wakiona mwanamke stejini wanajua ni mwimbaji. Mimi sauti sina, wakuu. Nina vidole.

Hali ilikuwa ngumu. Sabuni foleni, sukari foleni. Nyuzi za gita ndiyo usiulize. Sefu alikuwa anafumua waya wa breki za baiskeli, anauchambua unyuzi mmoja mmoja, anafunga kwenye gita. Alipiga hivyo hivyo vidole vinachubuka.

Nisiwadanganye, ile ndiyo miaka niliyocheka sana maishani.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Bidhaa zikaingia, nyuzi za gita zikajaa madukani, za kuchagua. Na sisi ndipo tukaanza kupukutika.

Kiwanda cha kina Mhina kilipunguza watu, akarudi Lushoto kulima. Hamadi alifuata biashara ya nguo za nje, akahamia Dar. Tukabaki wawili, mimi na Sefu. Tulipiga hivyo miezi kadhaa, kinanda na gita, na nilijiambia inatosha.

Jumapili moja nikafika hotelini, nikapanga vyombo tayari kupiga, nikakaa. Saa kumi ikapita. Meneja akaja akasimama karibu yangu.

"Ester, unamngoja nani? Sefu kapanda basi la Mombasa asubuhi. Kapata kazi kwenye hoteli za watalii. Nilidhani kakuaga."

Nikamwambia, "Kaniaga. Nilisahau tu."

Sijui kwa nini nilidanganya. Nilipiga peke yangu siku hiyo, na sikumbuki nilipiga nini.

Sasa hapa ndipo penye aibu.

Nilikuwa na kaseti. Sefu aliwahi kuturekodi tukifanya mazoezi kwenye kibanda chake, ili tusikie makosa yetu. Wiki iliyofuata nikaenda nayo hotelini, nikaunganisha redio kaseti kwenye amplifaya, nikawa napiga kinanda juu yake. Watu walisikia bendi nzima. Stejini nipo peke yangu.

Nilifanya hivyo karibu mwaka.

Kwenye tuni ya tatu kuna mahali Hamadi anasikika akisema, "Taratibu dada Ester, wenda wapi mbio?" Na kila Jumapili, akisema hivyo, mimi napunguza mwendo. Wakati mwingine nilimjibu kimoyomoyo. Mtu yuko Dar anauza suruali, mimi huku namjibu.

Nyumbani sikuwa na wa kuongea naye. Ofisini tulisalimiana, basi. Nilisubiri Jumapili kama mtu anayesubiri wageni.

Siku moja nikiwa katikati ya kupiga nikaona mtu kakaa meza ya pembeni, kapungua sana, shati la kuchomekea. Mhina. Alikuwa kaleta mboga mjini na lori la jirani yake. Alikuwa anasikiliza dramu zake mwenyewe huku chai inapoa.

Tuni ilipoisha akaja stejini.

"Dada Ester, izime hiyo."

Nikaizima. Hatukuwa na dramu, akavuta kiti, akapiga kwa viganja juu ya kiti kingine. Tulipiga tuni mbili. Zilikuwa mbovu, tumepishana kila mahali. Meza moja tu ndiyo iliyopiga makofi.

Baadaye akaniuliza, "Mbona hukutuambia unataka tubaki?"

"Ungebaki?"

Akafikiri. "Nisingebaki. Nina watoto. Lakini ningeondoka nikijua."

Kisha akaniomba kaseti. Alisema kule Lushoto watoto wake hawaamini kuwa aliwahi kuwa mpigaji. Maduka ya kurudufu kaseti yalikuwa yamefungwa, na lori linaondoka. Nilikuwa nayo hiyo moja tu.

Nilimpa.

Jumapili iliyofuata nilimwambia meneja kuwa basi, nimeacha. Akanipa pole, akaleta disko.

Maneno ya Mhina yakakaa kichwani. Nikatafuta anwani ya Sefu, nikamwandikia. Sikumlaumu. Nilimwambia tu kuwa nilimngoja siku ile, na iliniuma.

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, nusu ukurasa. Aliandika kuwa asubuhi ile alipitia kwangu Nguvumali kabla ya basi. Alifika mpaka mlangoni. Akanisikia ndani nafanya mazoezi ya sehemu yangu kwa ajili ya alasiri, narudia pale ninapokosea. Akashindwa kubisha. Alisimama mpaka nikamaliza tuni nzima, ndipo akaenda.

Wakuu, mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyepesi. Tulikuwa hatua tatu, yeye nje na mimi ndani, na kila mmoja alikuwa na neno la kusema.

Sikumwona tena. Alifariki huko huko Mombasa.

Nilichojifunza ni hicho tu. Ukimtaka mtu abaki, mwambie. Anaweza asibaki. Ila usimwache aende akidhani hukujali.

Kama kuna mtu humu aliwahi kukaa pale hotelini Jumapili alasiri akasikia bendi ya mabubu, naomba aandike hapa chini. Hata kama tulikuchosha. Hata kama wewe ndiye uliyeuliza mbona siimbi. Nasoma zote.